Padri Stefano Kaoze: mtoto wa Tanganyika aliyefika Roma kwa njia ya Kilatini

Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, hapa Kamanyola tunasikia mabishano yaleyale katika nyumba za wachimbaji. Mtoto amefika darasa la kuchagua section. Kuna pédagogie, kuna commerciale, kuna bio-chimie, na kwenye shule zingine za mapadri kuna latin-philo. Papa yake yuko juu kwenye machimbo. Anatuma pesa ya minerval kwa simu, na siku anapopata habari kwamba mtoto amechagua latin-philo, anauliza kama watu wanakula Kilatini. Lugha ya watu waliokufa zamani, lugha isiyosemwa sokoni hata siku moja, itamsaidia nini mtoto wa mchimbaji?

Sisi hatulicheki swali hilo. Pesa ya shule inatoka ndani ya shimo, na anayeshuka shimoni ana haki ya kujua inakwenda wapi. Lakini kabla ya kumjibu tunamwomba atoe mfukoni ile karatasi aliyopewa kwenye kontuari siku alipouza mzigo wake. Kama ni kasiterite, ataona herufi mbili: Sn. Kama ni zahabu, ataona Au. Mbona hakuna Mfaransa anayeita bati Sn wala zahabu Au? Sababu herufi hizo ni za Kilatini. Bati kwa Kilatini ni stannum, zahabu ni aurum. Shaba ya ndugu zetu wa Katanga ni Cu juu ya cuprum, na chuma ni Fe juu ya ferrum. Koltani inatoka upande mwingine, ile Ta ni jina la hadithi ya Wagiriki, tuiache. Kumbe papa anayesema hajui hata neno moja la Kilatini ametembea nalo mfukoni miaka yote hii.

Lugha hiyo ilikuwa ya mji mmoja, Roma. Ilitoka pale na majeshi, ikaenea Ulaya, ikazaa Kifaransa tunachokisoma katika gazeti hili, na Kiitaliani, na Kireno, na Kispanyola. Watu wa Roma wenyewe wakaacha kuisema, lakini Kanisa likaishika. Na kwa njia ya Kanisa ikafika mpaka kwenye ziwa letu, ndani ya vichwa vya watoto wa Watabwa, na mmoja wao akatoka nayo Marungu akaenda kuiona kwao Roma. Leo tunasimulia maisha yake. Jina lake ni Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya wakati huu.

Tunasema wa wakati huu kwa makusudi. Kule Bas-Congo, katika ufalme wa zamani wa Kongo, mambo haya yalianza kale sana. Henrique, mtoto wa mfalme Afonso wa Kwanza, alifanywa askofu na Papa Leo wa Kumi katika mwaka 1518. Na mwaka 1608 balozi wa mfalme Álvaro wa Pili, Antonio Emanuele Ne Vunda, alifika Roma kisha safari ndefu ya miaka, akiwa mgonjwa, akafa kisha siku chache tu. Wakamzika ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore. Sanamu yake ya jiwe jeusi iko pale mpaka leo. Mkongomani akienda Roma anaweza kwenda kumsalimu. Lakini ufalme ule ukavunjika, biashara ya watumwa ikala watu, na ile mbegu ikapotea. Ilipopandwa mara ya pili, ilipandwa huku kwetu mashariki, na waliokuja kuipanda walipitia Zanzibar na Tabora.

Kaoze alizaliwa katika inchi ya Marungu, kati ya miaka 1885 na 1890, kwa kabila ya Watabwa. Ni ng'ambo ile ya kusini, mbali na sisi, lakini maji ni yale yale: Ruzizi inayopita hapa Kamanyola inaingia ziwani karibu na Uvira, na ziwa linashuka mpaka Kalemie, Mpala na Moba. Miaka aliyozaliwa ilikuwa miaka ya moto. Misafara ya watumwa na pembe ilikuwa ikivuka ziwa kwenda Ujiji. Katika 1883 ofisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma pale Mpala kwa ajili ya shirika la mfalme Leopold. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1884 watu wake wakampiga mkubwa mmoja wa Watabwa, Lusinga, wakamkata kichwa. Storms akakichukua kichwa kile mpaka Ubelgiji. Wasomaji wakishike vizuri kitu hiki, tutakirudilia.

Mwaka 1885 boma la Mpala likaachiwa Mapadri Weupe. Juu ya kulilinda na wawinda watumwa, akafika Mfaransa mmoja, Kapiteni Léopold Joubert. Huyo naye alikuwa mtu wa Roma kwa namna yake. Katika ujana wake alikuwa askari wa Papa, akapigana kulinda mji wa Roma mpaka siku ulipoanguka, tarehe 20 mwezi wa tisa 1870, jeshi la mfalme wa Italia lilipoingia na kuufanya mji mkuu wa inchi yao. Joubert akapoteza vita ile, akaja huku kwetu, akaoa mwanamke wa huku, akafia huku katika 1927. Basi Kaoze alikulia katika inchi iliyolindwa na mtu aliyepigania Roma. Mtoto akisikia Roma ikitajwa hivyo kila siku, hawezi kuiona kama mji wa hadithi tu.

Mwenye kuamua mambo yote pale alikuwa Askofu Victor Roelens, Mbelgiji mwenye kichwa kigumu, tusimfiche. Vikariati yake ya Haut-Congo ilikuwa kubwa kupita kipimo; Kivu yetu nayo ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 1929. Mapadri Weupe walipofika Nyangezi katika 1906, pale juu ukimaliza kupanda Ngomo, walikuwa chini ya mkono wake. Roelens hakuwa mtu wa kusifu Waafrika ovyo. Lakini juu ya jambo moja alisimama imara: kama mtu mweusi atakuwa padri, atasoma yote anayosoma padri wa Ulaya, na si pungufu. Hakutaka padri nusu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1890 akafungua seminari ndogo pale Mpala.

Hapo ndipo Kaoze alipokutana na Kilatini, na hapo tusimame kidogo, sababu wengi wanadhani alifundishwa kukariri sala tu kama kasuku. Hapana. Kilatini cha seminari kilikuwa kazi ya kila siku, asubuhi na mchana. Vitabu vya filozofia na vya teolojia vilikuwa vya Kilatini, na misa nzima ilikuwa ya Kilatini. Asiyekijua hakuweza kupita.

Na ugumu wake uko namna gani? Kilatini kinabadilisha mkia wa neno. Bwana anayefanya kazi ni dominus, bwana anayepigwa ni dominum, kitu cha bwana ni domini. Mtoto wa Ufaransa anatoka jasho juu ya hiyo, sababu kwao jina halibadiliki hivyo. Lakini sisi tunabadilisha kichwa cha neno tangu tunyonye: mtu, watu, kiti, viti, mti mrefu, miti mirefu. Neno moja likigeuka, yote yanayolifuata yanageuka pamoja nalo. Kilatini nacho kinafanya vile, ila kinafanya nyuma. Tunaona kwamba mtoto wa Kitabwa, anayesema Kitabwa nyumbani na Kiswahili kwa mapadri, aliingia katika darasa lile na silaha ambayo walimu wake wenyewe hawakuitambua. Wakati ule Wazungu wengi wa Kongo walikuwa wakisema wazi kwamba akili ya mtu mweusi haiwezi kubeba Kilatini wala filozofia. Katika Kongo mzima kulikuwa na vijana wachache sana walioweza kuhakikisha kwamba ni uongo, na Kaoze alikuwa mmoja wao.

Mchezo haukuwa rahisi. Masomo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Kijana wa umri wake alikuwa ameshaoa, ana watoto, ana shamba, na yeye yuko bado kwenye benchi. Wazee wa ukoo walikuwa na sababu ya kununa: kijana asiyezaa amekata kamba ya ukoo. Wenzake wengi alioanza nao waliacha njiani. Yeye akabaki. Sisi tulio na watoto shuleni tunajua kwamba kubaki ni kazi kuliko kuanza.

Katika miaka ile akajifunza Kifaransa pia. Akapita pale Mjezwiti Mbelgiji, Padri Arthur Vermeersch, mwalimu mkubwa wa sheria ya Kanisa, mtu aliyekuwa amezungumza wazi juu ya mabaya ya utawala wa Leopold. Akashangaa kumwona kijana Mkongomani anayeandika hivyo. Katika 1910 na 1911 gazeti moja la Brussels, La Revue congolaise, likatoa maandishi ya Kaoze juu ya namna Wabantu wanavyofikiri, yenye jina La psychologie des Bantu. Watu wanaosoma historia ya vitabu vyetu wanayahesabu kama maandishi ya kwanza ya Mkongomani yaliyochapwa katika Kifaransa. Ndani yake seminarista huyu anawaeleza Wazungu kwamba watu wake wanapima jema na baya, wanafikiri juu ya roho na juu ya Mungu, wana mezali za kufundishia. Tuseme ukweli wetu: mahali pengine anaangalia watu wake na miwani ya mapadri, na msomaji wa leo anaweza kuumwa. Lakini tukumbuke ni mwaka gani. Leopold alikuwa amefariki 1909 tu. Watu waliokatwa mikono juu ya mpira walikuwa bado wazima katika vijiji vyao. Na kijana huyu anashika kalamu kusema kwamba sisi tunafikiri.

Vita ya kwanza ya dunia ikafika mpaka ziwani. Mabato ya Waingereza, Wabelgiji na Wadachi yakapigana hapa juu ya maji. Bato kubwa la Wadachi, Graf von Götzen, likazamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916 pale Kigoma, na kisha kutolewa ndilo lile MV Liemba tunalolijua. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 21 mwezi wa saba 1917, pale Baudouinville, yaani Moba ya sasa, Askofu Roelens akamwekea Kaoze mikono akawa padri. Tarehe 21 mwezi wa saba ni siku kuu ya taifa la Wabelgiji. Haikuchaguliwa bure.

Wazia misa yake ya kwanza. Tangu wazee walipowaona bamupe mara ya kwanza, maneno yale ya Kilatini kwenye altare yalitoka katika vinywa vya Wazungu tu. Watu walikuwa wakiitika bila kuelewa neno kwa neno, na wengi waliamini ni lugha ya Wazungu, kama Kifaransa ao Kiflama. Sasa anayeimba ni mtoto wao, Kaoze, ambaye mama yake wanamjua. Kwa siku moja Kilatini kikaacha kuwa lugha ya Wazungu.

Katika 1920 Roelens akasafiri kwenda Ulaya, akamchukua Kaoze. Akafika Ubelgiji, akafika Roma. Papa wa wakati ule alikuwa Benedikto wa Kumi na Tano, na mwaka uleule, mwezi wa sita, aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri, vijana wale waliochomwa moto Namugongo. Mji wa Roma ulikuwa ukisikia majina ya Kiafrika.

Tuanze na Brussels. Kaoze alikuwa Mtabwa. Na kichwa cha Lusinga, Mtabwa mkubwa, kilikuwa katika mji huohuo, katika mali ya familia ya Storms. Storms mwenyewe alikufa 1918. Mke wake akatoa kichwa kile kwa muzeo katika miaka ya 1930, na kimebaki Brussels. Kwa hiyo mwaka 1920 Watabwa wawili walikuwa Brussels kwa wakati mmoja. Mmoja amevaa kanzu nyeupe ya padri, anapokelewa na watu wanaostaajabu kwamba anajua Kilatini na Kifaransa. Mwengine ni mifupa ndani ya nyumba. Tumelifikiria jambo hili mara nyingi na hatuwezi kulipita haraka. Sanamu ya Storms ilisimama katika bustani moja ya Brussels miaka mingi, mpaka ilipoondolewa katika 2022. 

Halafu Roma. Mtu asiyejua Kilatini akifika Roma anaona mawe mazuri na ngazi nyingi. Anayekijua anasoma mji kama gazeti. Juu ya mlango wa Pantheon, hekalu la kale ambalo sasa ni kanisa, kuna jina la Agrippa aliyelijenga mara ya kwanza, kwa herufi ambazo hata mtoto wa latin-philo wa mwaka wa kwanza anaweza kuzivunja. Juu ya matao ya ushindi kuna majina ya makaisari, nao wanajisifu. Juu ya milango ya makanisa kuna majina ya mapapa, nao pia hawakuona haya kujitaja. Hata kwenye vifuniko vya mifereji ya maji machafu leo kuna herufi nne, SPQR, baraza na watu wa Roma. Mji ule umeandikwa kila mahali, na Kaoze alikuwa amejifunza maandishi yake pale Mpala, mbele ya ziwa, kabla hajauona.

Kuna kitu kingine ambacho Kilatini kilifanya pale. Roma ya mapadri ilijaa wanafunzi wa kila inchi, Wapoloni, Wairlandi, Wachina, Waamerika. Kiitaliani si wote walikijua. Darasani walifundishwa kwa Kilatini, na mitihani ya mdomo ilikuwa kwa Kilatini. Padri wa Marungu angeweza kupanda altare yoyote ya mji ule na kijana wa Kiroma kumtumikia misa bila kukosea jibu. Katika Kongo ya 1920 mtu mweusi hakukaa mahali pamoja na Mzungu kwenye bato wala kwenye train. Kwenye altare lugha ilikuwa moja, na hakukuwa na Kilatini cha weusi na Kilatini cha weupe. Hatusemi kwamba hii ilimaliza ubaguzi. Haikuumaliza, hata ndani ya Kanisa. Lakini ilikuwa kipimo ambacho hakuna aliyeweza kukishusha ili kumcheka ao kukipandisha ili kumzuia.

Akarudi ziwani. Wengine wangetafuta nafasi ya kujisifia safari. Yeye akaendelea na kazi ya misioni. Katika miaka ya 1930 mapadri wa Kikongomani walipopewa misioni yao wenyewe pale Kala, bila Mzungu juu yao, Kaoze ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko Roma. Kama hesabu zingekosekana, kama shule ingeanguka, kungekuwa na watu tayari kusema kwamba waliwaambia. Akaandika pia historia ya koo za inchi yake, jinsi zilivyohama na zilivyogawana ardhi, na wataalamu wanaochunguza Watabwa wanatumia maandishi yake mpaka leo. Tunapenda sana upande huu wa maisha yake: mtu aliyejua historia ya makaisari, akakaa chini na wazee kuandika ya kwao.

Kisha vita ya pili ya dunia, mji mkuu mwengine ukamwita, Léopoldville. Tukumbuke hali ya wafanyakazi wakati huo. Mwezi wa kumi na mbili 1941, kule Elisabethville, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara. Huku Kivu babu zetu walikuwa wakichimba zahabu ya Kamituga kwa ajili ya kampani ya MGL. Serikali iliona haiwezi tena kuendelea bila kusikiliza mtu mweusi hata mmoja. Katika 1947 Kaoze akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kuitwa kukaa katika Conseil de Gouvernement, baraza la kumshauri Gouverneur général. Baraza lile lilijaa wakubwa wa serikali na watu wa makampani. Halikuwa na uwezo wa kuamua, na hakuna Mkongomani aliyekuwa amepiga kura kumtuma. Wengine watasema alikuwa wa kuonyeshwa tu. Inawezekana ndivyo serikali ilivyotaka. Lakini kabla ya hapo, inchi yetu ilishauriwa bila mtu wetu kuwa ndani ya nyumba.

Alikuwa mzee sasa. Askofu Roelens, aliyemfundisha, akamtangulia. Alikufa pale Baudouinville katika mwaka huohuo wa 1947. Kaoze akafa mwaka 1951, katika Albertville, Kalemie ya leo. Hakumwona askofu wa kwanza Mkongomani wa wakati huu, Pierre Kimbondo, aliyewekwa 1956. Hakuona uhuru. Na hakuona siku mapadri walipogeuka kuangalia watu na kusali kwa Kiswahili, sababu Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifungua njia hiyo katika 1963 tu. Misa yake ya kwanza ilikuwa Kilatini, na misa ya maziko yake ilikuwa Kilatini, kama ilivyokuwa kwa kila padri wa siku zile, awe wa Roma ao wa Marungu.